Wamesikia magitaa, hawajasikia utani

Kwa wiki kadhaa sasa hapa Mtwara mjini kuna albamu inayotembea kutoka simu hadi simu bila bango, bila uzinduzi, bila mtangazaji yeyote wa redio kuipigia debe. Ina nyimbo 11 zinazokwisha kwa dakika 26. Wameipiga vijana wanne: magitaa mawili yenye mkwaruzo, besi, dramu, na mwimbaji anayeimba kama mtu anayefukuzwa na mbwa huku akicheka. Mimi niliipata kwa fundi simu wa jirani na soko kuu, ambaye huiingiza kwenye kila simu inayopita mezani kwake, mteja ameomba au hakuomba. Jina la bendi sitalitaja, kwa kuwa wenyewe wameniomba nisubiri wamalize usajili wao Baraza la Sanaa la Taifa na kupeleka nyimbo zao Ofisi ya Hakimiliki, ombi la haki kabisa. Ila mjadala haukusubiri usajili. Vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp watu wamegawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza linasema huu ni uzungu, kelele za watoto waliolelewa na intaneti. La pili linasema ni vichekesho, kwa hiyo si muziki, kwa hiyo hakuna cha kujadili. La tatu, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, linaipongeza albamu kwa sababu eti sasa na sisi Mtwara tuna bendi ya kimataifa.

Mafungu yote matatu yamesikia magitaa. Utani uliomo hawajausikia, au wameusikia wakaudhania pambo. Mimi naona kinyume: utani ndio kazi yenyewe, na magitaa ni chombo cha kuubebea. Kusini imekuwa mzaha wa nchi hii kwa miaka mingi, ikichekwa na watu wa kwingine kwa maneno ya watu wa kwingine. Albamu hii ni ya vijana wa huku walioamua kukishika kicheko hicho kwa mkono wao wenyewe, wakakigeuza upande, na katika mitindo yote iliyojaa kwenye simu zao wakachagua mmoja, popu panki, ambao tangu mwanzo ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeshindwa na anayejua kwamba ameshindwa. Uchaguzi huo haukuwa bahati nasibu, na ndio ninaotaka kuueleza.

Kwa wengi wetu panki ni mtindo wa kunyoa: pembeni upara, katikati mstari wa nywele zilizosimama kama upanga wa jogoo. Nywele hizo na muziki huu vimetoka nyumba moja. Bendi ya Ramones ya New York ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976, nyimbo 14 chini ya nusu saa, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 6,400 hivi, fedha ambayo kwa kampuni za muziki za wakati ule ilikuwa ya soda. Januari ya mwaka uliofuata, vijana wa Buzzcocks huko Manchester walitumia pauni 500 za kukopa wakatoa santuri yao wenyewe, nakala 1,000 za mwanzo, bila kumpigia magoti mwenye kampuni. Miaka ya tisini vijana wa California, Green Day wakiwa mbele, wakaulainisha muziki huo kwa viitikio vya kuimbika na kuuza mamilioni ya nakala. Ndio unaoitwa popu panki. Watu hukumbuka kasi na ukali wake. Kinachosahaulika ni nani anayeimba. Katika nyimbo za namna hii anayeimba hana gari, hana mpenzi, analala kwa mama yake, anaogopa watu, amechoshwa na mji mdogo usio na kitu cha kufanya. Na anakueleza hayo kwa mdundo mchangamfu kiasi kwamba unajikuta unaimba naye kabla hujakumbuka kumwonea huruma.

Sasa linganisha na muziki tunaoishi nao. Bongo fleva ya leo ina sura mbili kubwa: anayejigamba na anayeumizwa na mapenzi, na hata anayeumizwa huumizwa akiwa ndani ya gari zuri. Sisemi ni kosa. Majigambo ni fasihi ya kale, mashujaa wetu walijigamba kabla hatujajua studio ni nini. Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, alilichukua neno Konde, kifupi cha Mmakonde, ambalo mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa ikilitumia kwa kebehi, akaliweka mbele ya jina lake na ya kampuni yake ya muziki, na leo vijana wanalitamka kifua mbele. Hiyo ni njia moja ya kujibu kebehi, na imefanya kazi. Lakini inamhitaji mtu aliyefanikiwa. Aliyebaki nyumbani, ambaye kila Idi anaulizwa na shangazi ataanza lini maisha, hawezi kujibu kwa majigambo. Atachekwa mara mbili. Singeli nayo ingeweza kumfaa, maana ina kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika na mizaha tele, ila msemaji wa singeli ni mjanja wa Manzese au Tandale, mtoto wa mjini aliyeona yote. Kijana wa Ligula au Chikongola hajaona yote. Ameona basi likiondoka.

Kwa asiyejua tulivyochekwa, nitapita haraka, maana mizaha yenyewe haina ladha. Mmakonde mlinzi anayesinzia lindoni. Mmakonde na panya. Lafudhi yetu, ambayo kila mchekeshaji asiye na kazi ameiigiza. Hata neno machinga, ambalo leo ni la kila mchuuzi wa barabarani kutoka Mwanza hadi Mbeya, linanasibishwa na Wamachinga wa Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea basi la kusini liliweza kukaa njiani siku kadhaa; abiria aliyeshuka Dar na tope hadi magotini alikuwa mzaha tayari kabla hajafungua mdomo. Ajabu ni kwamba rais aliyelifungua daraja hilo, na ambaye jina lake ndilo lililobandikwa, alikuwa mtu wa Masasi.

Kisha ikaja gesi. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ni kati ya 2010 na 2013, visima vya baharini vilipotangazwa kimoja baada ya kingine, ndipo neno kuchele lilipotoka midomoni likaingia kwenye fulana, mabasi na vibao vya maduka. Mtwara kuchele: kumekucha. Viwanja vikapanda bei, gesti zikaota kama uyoga, na vijiweni tukaambiana tunakwenda kuwa Dubai. Mwaka 2013 watu wakaingia barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na Mei ya mwaka huo kukawa na vurugu, mali zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Bomba la zaidi ya kilomita 500 likajengwa, likazinduliwa mwaka 2015. Mtambo mkubwa wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Sitasema hakuna kilichokuja, kwa maana kiwanda cha saruji kimekuja na bandari imepanuliwa. Ila kuna jamii iliyoahidiwa kidogo ikapata kidogo, na kuna sisi, ambao baadhi yetu walijenga kwa ajili ya ahadi.

Hapo ndipo wimbo wa tatu unapoingia. Ndio unaopigwa zaidi, na nadhani ndio utakaobaki. Unamhusu mjomba aliyeuza mikorosho akajenga gesti ya vyumba 12 kuwasubiri wazungu wa mafuta. Ili wajisikie nyumbani, kila chumba amekiita kwa mji: Oslo, Houston, Aberdeen na kuendelea. Wageni hawakuja. Oslo inafugiwa kuku, Houston kuna magunia ya makopa, Aberdeen analala mwimbaji mwenyewe, bure, kwa sharti la kufagia uwanja. Kiitikio ni mahudhurio ya darasani: mwimbaji anaita chumba kimojakimoja kwa sauti ya mwalimu wa zamu, na wenzake wanaitika, hayupo! Ni kiitikio chepesi kiasi kwamba watoto wa mtaani kwangu wanaitana hivyo wakicheza, hawajui Oslo ni nini. Gitaa halina zaidi ya mabadiliko matatu ya sauti. Mpiga dramu, ukimsikiliza vizuri, hapigi panki ya California. Mkono wake wa kushoto unachelewa kidogo tu, kama wa mpiga ngoma aliyezoea kumsubiri mcheza sindimba amalize kiuno chake.

Msikilizaji wa Dar atacheka habari ya gesti. Msikilizaji wa Newala atashtuka kwanza ndipo acheke, kwa sababu kwa Wamakonde, watu wanaofuata ukoo wa mama, mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake kwenye jando, ndoa na urithi. Babu unamtania, binamu unamtania, mjomba unamwamkia. Mpwa kumwimba mjomba hadharani ni jambo zito, na vijana hawa wanajua, ndiyo maana ubeti wa mwisho unajipinda. Mjomba anaumwa, wanaukoo wanaitwa, na mpwa anapoulizwa anataka arithi nini anajibu kwamba anaomba Aberdeen. Amekwisha kupaka rangi. Yeye naye anamsubiri mgeni. Hapo kicheko kinahama kutoka kwa mzee kwenda kwa anayeimba, na kutoka kwake kuja kwako wewe uliyekuwa ukiitika hayupo. Nimeusikia mara nyingi sasa na bado sehemu hiyo inanikamata.

Wimbo wa sita ni wa mapenzi, au unajifanya hivyo. Kwa asiye wa huku: kangomba ni ununuzi wa korosho kwa mlango wa nyuma. Mkulima akibanwa na shida kabla ya mnada, anamuuzia mtu kwa bei ya kutupa, na mtu huyo anasubiri mnada ufunguliwe avune tofauti. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani akapewa stakabadhi hadi ziuzwe mnadani, na ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, uliletwa pamoja na mambo mengine kumlinda mkulima na hilo, na kila msimu viongozi hukemea kangomba kana kwamba ni tabia mbaya ya mtu, si matokeo ya njaa ya mwezi wa saba. Mwimbaji wetu anamshtaki mpenzi wake kwamba alimnunua moyo kangomba. Alimkuta mikorosho bado ina maua, hana hata nauli, akamchukua kwa chipsi na soda moja ya kugawana. Oktoba, mnada ulipofunguliwa, akamwona yuko na mwingine mwenye pikipiki, na yeye akabaki na stakabadhi ya moyo ulioko kwenye ghala la watu. Ni mzaha, na mzaha mzuri. Lakini umebeba jambo ambalo hotuba za korosho hazilisemi: aibu. Aliyeuza kangomba hakupoteza fedha tu. Alijipangia bei mwenyewe, ndogo, akiwa na akili timamu, na anaikumbuka kila akiona bei ya mnada imeandikwa ubaoni.

Nisije nikaonekana nimepofuka. Wimbo wa tano ni mzaha wa chooni usio na kichwa wala miguu, na wa nane unamcheka binti kwa unene wake, jambo la kivivu ambalo popu panki imelibeba mgongoni tangu ilipozaliwa huko kwao. Vijana wamekunywa maji pamoja na tope. Kurekodi kwenyewe kumefanyika kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro na unasikia, mahali fulani wimbo wa pili, mtu akigonga mlango. Wimbo wa tisa una sekunde 38, unahusu umeme, na unakatika katikati ya neno. Huo sitaueleza zaidi.

Nirudi kwa wapinzani. Hoja ya kwamba huu si muziki wetu ndiyo dhaifu kuliko zote, na inachekesha inavyorudi kila kizazi ikiwa imevaa suti ileile. Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tunajua kucheza rumba, chachacha, twisti na roki, lakini ni wangapi wanaojua, au hata wamewahi kusikia, gombe sugu, mangala, konge, kiduo au lelemama. Lalamiko la haki kwa nchi yenye mwaka mmoja wa uhuru. Lakini utazame mganda, ngoma nyingine tunayoihesabu kuwa ya kwetu. Unachezwa kando ya Ziwa Nyasa kwa mistari na hatua za gwaride, na wanahistoria wanaunasabisha na beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za matarumbeta za kizungu, ikashuka pwani yote, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza bara. Yaani kati ya ngoma tunazoziita urithi wetu, moja ni mjukuu wa askari wa kikoloni aliyeigizwa na watu waliokuwa wakimtazama na kumcheka. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja za namna hiyohiyo. Na miaka hiyohiyo bendi zetu za dansi zilijiita jazz bila kupiga jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande iliyobeba jina la pwani hii yetu. Hakuna leo anayesema Kilwa Jazz ni uzungu. Anayeikataa albamu hii kwa sababu ya magitaa yake aanze kwanza kurudisha hayo mengine.

Hoja ya kwamba hivi ni vichekesho tu ina nguvu zaidi, kwa sababu ina ushahidi. Nyimbo za kuchekesha huchuja upesi. Mzaha ukiusikia mara ya tatu umeshakuwa taarifa. Hilo ni kweli kwa wimbo ambao mzaha wake ni neno moja la mwisho, ukilijua, umeumaliza. Mahudhurio ya vyumba hayafanyi kazi hivyo, kwa sababu hakuna cha kushtukiza. Unajua kabisa kwamba hayupo. Unachofurahia ni kuitika pamoja na wengine, na kinachokuuma ni kwamba orodha ni ndefu. Halafu kuna jambo hili la kudhani anayechekesha amelikwepa jambo zito. Sisi watu wa utani hatukutakiwa kulisema. Msibani, mtani hulala kwenye kaburi lililo wazi akidai alipwe kwanza ndipo mtu azikwe. Humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikopa na kutolipa. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Sijawahi kumsikia mfiwa akisema mtani hakuuheshimu msiba. Kazi hiyo hapewi yeyote tu, na asipokuja, watu huuliza yuko wapi.

Hoja inayonisumbua haikutoka kwenye mafungu yale matatu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Masasi, mtu ninayemheshimu, alinisikiliza nikiisifu albamu kisha akaniambia, "Mdogo wangu, wenzetu wakituchekea tunanuna. Tukijichekea wenyewe tunawapa leseni." Nimelitafakari neno hilo kwa siku nyingi. Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna tofauti kati ya kucheka mtu na kucheka kilichompata. Mzaha wa mlinzi anayesinzia unasema Mmakonde ni mjinga. Wimbo wa gesti unasema mjomba aliamini alichoambiwa na watu wenye suti na ramani. Ukiufuata mzaha kwa kidole hadi mwisho, haukomei kwake, unapanda juu hadi kwa waliotoa ahadi, bila kumtaja yeyote. Hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa, na ni salama kuliko hotuba. Lakini mwalimu alikuwa na jibu: nani ataufuata kwa kidole hadi mwisho? Kipande cha sekunde 20 kikikatwa na kuwekwa TikTok, wa Dar ataona kijana wa kusini analala bandani na kuku, basi. Hapo sina la kumshinda. Utani wa kweli unahitaji watani, yaani watu wanaojua mipaka na wanaojua kwamba kesho ni zamu yao kutaniwa. Simu haina mtani. Inachukua kicheko na kukipeleka kwa mtu asiyedaiwa chochote.

Kwa sababu hiyo fungu la tatu, la wapongezaji, naliogopa kuliko la wanaotukana. Anayesema bendi hii ni ya kimataifa ana ushauri mkononi: waende Dar, wapate mtayarishaji anayejulikana, wasafishe sauti, waondoe maneno ya kienyeji ili nchi nzima ielewe. Ukiondoa kangomba kwenye wimbo wa sita unabaki na malalamiko ya mapenzi kama mengine elfu. Ukisafisha mlango unaogongwa kwenye wimbo wa pili hutapata wimbo bora, utapata wimbo usio na nyumba. Ramones hawakuwa na mabadiliko mengi ya sauti kwenye magitaa yao, ila walikuwa na mtaa wao, na mtaa huo ulisikika. Na soko la kwanza la albamu hii halipo Ulaya wala Masaki. Lipo Mbagala, ambako watu wa kusini wamejaa na mabasi ya kwetu ndiko yanakopitia, kwa watu ambao kila mmoja ana mjomba wa aina hiyo. Fundi simu wa sokoni amelielewa soko hilo kuliko washauri wote, ingawa hapati hata shilingi, na wala bendi haipati. Hilo la malipo usajili ukikamilika huenda likasaidia kidogo. Ninavyojua, msanii wa mji huu hula kwa kualikwa, na waalikaji ni harusi, sherehe za unyago na wanasiasa. Harusi na unyago havina shida. Msimu wa kampeni ukifika, bendi yenye kiitikio ambacho mtoto wa miaka mitano anakiweza itatafutwa kwa tochi, na ataombwa mwimbaji abadilishe majina ya vyumba yawe majina ya miradi, na kuitika kuwe yupo. Mtani anayelipwa kabla ya kutania ni mpiga debe. Vijana wakumbuke kwamba yule wa msibani hudai malipo baada ya kulala kaburini.

Niliwaona wakipiga mara moja tu, kwenye harusi Mikindani, baada ya taarabu ya kwenye fleshi kwisha na wazee wengi kuondoka. Spika zilikuwa za kuazima na gitaa moja lilikuwa na nyuzi tano. Walipofika wimbo wa tatu, mzee mmoja wa makamo aliyevaa kanzu alinyanyuka mezani akaelekea mbele polepole, na mwimbaji akapunguza sauti. Baadaye niliambiwa ndiye mwenye gesti, mjomba wake wa tumbo moja na mama yake. Watu wakanyamaza. Mzee akatoa noti ya elfu kumi, akambandika mpwa wake kwenye paji la uso, akachukua maikrofoni. "Vyumba ni 14," akasema. "Wewe umeniimbia 12. Rudia tangu mwanzo, na usiisahau Rio de Janeiro."